Gari Likipondeka: Jinsi Bima Inavyokadiria Thamani Yake na Jinsi ya Kutetea Haki Yako

Watu wengi wenye bima kubwa (comprehensive) huamini kwamba gari likiharibika kabisa watalipwa kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye hati ya bima. Kisha barua ya kampuni inafika, kiasi kilichomo kimepungua kwa milioni mbili au tatu, na hapo ugomvi unaanza. Wapo wanaosusa wakiamini wameibiwa. Wapo wanaosaini kwa uchovu na kuchukua kilichopo. Wote hao huumia kwa sababu moja: hawajui kiasi hicho kimepatikanaje, kwa hiyo hawajui pa kukikosoa.

Mwongozo huu unaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua. Mifano yake ni ya Tanzania, ingawa misingi haitofautiani sana na ile ya Kenya na Uganda, maana hati za bima za nchi zote tatu zimetokana na mapokeo ya sheria ya Kiingereza. Shika jambo moja tangu mwanzo: kampuni hulipa kulingana na thamani ya gari muda mfupi kabla ya ajali, na thamani hiyo inathibitishwa kwa ushahidi. Anayefika mezani na ushahidi ndiye anayesikilizwa.

Kikomo si ahadi

Bima ya gari inasimama juu ya kanuni ya fidia: mwenye mali arudishwe pale alipokuwa kabla ya hasara, asipungukiwe wala asineemeke. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ni kikomo. Kampuni haitakivuka, na pia haina wajibu wa kukifikia kama gari lilikuwa na thamani ndogo kuliko hicho.

Tuchukue gari dogo la familia ambalo sokoni lingeuzwa shilingi 14,000,000, lakini mwenyewe amelikatia bima kwa 16,000,000. Likiharibika kabisa, hesabu itaanzia 14,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ambacho kimezoeleka kwa gari binafsi, pamoja na VAT ya asilimia 18, mtu huyu amelipa ada ya shilingi 660,800 wakati angeweza kulipa 578,200. Shilingi 82,600 zimekwenda bure kila mwaka.

Kupunguza thamani ni hatari zaidi. Gari hilo hilo likikatiwa bima kwa 10,000,000 ili ada iwe nafuu, likiharibika kabisa mwenyewe hatapata zaidi ya 10,000,000. Na hata likiharibika sehemu tu, baadhi ya hati zina kifungu cha uwiano: kampuni hulipa kwa kulinganisha kiasi cha bima na thamani halisi. Matengenezo yakigharimu 4,200,000, kampuni italipa sehemu kumi kati ya kumi na nne za kiasi hicho, yaani 3,000,000. Shilingi 1,200,000 zinazobaki ni mzigo wa mwenye gari, hata kabla ya makato mengine.

Zipo hati chache ambazo kampuni na mteja hukubaliana thamani mwanzoni na kuilipa bila mjadala, hasa kwa magari ya kale yanayotunzwa kama kumbukumbu. Kama hati yako haisemi hivyo waziwazi, chukulia kwamba unalindwa kwa thamani ya soko.

Siku za mwanzo: linda ushahidi

Baada ya watu kutibiwa na polisi kufika, kazi inayofuata ni kulinda ushahidi. Piga picha gari likiwa pale pale: pande zote nne, namba ya usajili, dashibodi ikionyesha kilomita, matairi, viti, na sehemu zilizoharibika kwa karibu. Picha ya matairi mapya au ya viti visivyochanika inaweza kuongeza thamani wakati wa mabishano, na gari likishakokotwa na kulala yadi wiki mbili huenda vitu hivyo visiwepo tena.

Toa taarifa kwa kampuni mara moja, kwa maandishi, hata kama umeshampigia simu wakala. Hati huweka muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Kusanya ripoti ya polisi wa usalama barabarani, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, nakala ya leseni ya aliyekuwa akiendesha, na kadi ya gari. Hakikisha pia kwamba bima yenyewe ni halali: mfumo wa TIRA MIS, unaoendeshwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), unakuwezesha kuhakiki stika kwa namba ya gari. Kama wakala alikuuzia stika bandia, ni heri ugundue mapema uchukue hatua.

Usiruhusu fundi yeyote aanze kulifungua au kulinyoosha gari kabla kampuni haijalikagua. Kampuni isipouona uharibifu kwa macho yake, haina pa kuanzia. Uliza pia gharama za bredauni na za kulaza gari zinalipwa na nani na kwa siku ngapi. Ada za yadi hupanda kila siku, na hati nyingi zinakutaka uzuie hasara isikue. Andika barua ukiiomba kampuni ilihamishe gari kwenye gereji yake. Wakichelewa baada ya barua hiyo, unayo hoja kwamba gharama zilizoongezeka si zako.

Namba tatu zinazoamua kila kitu

Kampuni hutuma mkadiria hasara. Kwa Tanzania, watu wa kazi hii husajiliwa na TIRA. Ujira wake unalipwa na kampuni, lakini ripoti yake inatakiwa kuwa maoni ya kitaalamu yasiyoelemea upande wowote. Atatafuta namba tatu: thamani ya gari kabla ya ajali, gharama ya kulitengeneza, na thamani ya mabaki. Ukizielewa hizi tatu, barua nzima ya kampuni inasomeka.

Namba ya kwanza: thamani kabla ya ajali

Swali lenyewe ni hili: mnunuzi mwenye akili timamu angelipa kiasi gani kwa gari hili, likiwa katika hali ile, siku ile kabla halijagongwa? Mkadiria huanza na aina ya gari, mwaka wa kuundwa, ukubwa wa injini, aina ya gia, kama linavuta magurudumu mawili au manne, na kilomita lilizotembea. Kisha huangalia bei za magari yanayofanana nalo sokoni, akiongeza au kupunguza kwa kadiri ya hali yake.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo unapoweza kusaidia zaidi. La kwanza ni kuchanganya mwaka wa kuundwa na mwaka wa kusajiliwa. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kadhaa. Lililoundwa mwaka 2008 linaweza kusajiliwa Tanzania miaka kumi na zaidi baadaye, na soko letu linajali yote mawili: wanunuzi huuliza mwaka, na huuliza pia kama gari ni namba D au namba E, yaani herufi inayoonyesha kipindi lilichosajiliwa. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja limesajiliwa zamani na jingine juzi, hayauzwi bei moja, maana la pili limezikwepa barabara zetu kwa miaka mingi. Ripoti isiyotofautisha hayo ina kasoro.

Kosa la pili ni toleo. Jina moja la gari linaweza kuwa na matoleo manne yenye bei zinazopishana kwa milioni kadhaa. Linganisha ripoti na kadi ya gari herufi kwa herufi, hasa namba ya chesesi na ukubwa wa injini.

Kosa la tatu ni hali. Mkadiria anayeona gari likiwa limepondeka hawezi kujua kwamba wiki tatu kabla ulibadilisha shokapu zote na kufunga matairi mapya. Usipomwonyesha risiti, ataandika kwamba hali ilikuwa ya wastani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inafaa hapa kuliko mahali pengi: risiti za sevisi, za spea, za matairi na betri zina thamani ya fedha siku ya madai.

Cheti cha usafirishaji kutoka Japani nacho kina uzito, kwa kuwa kinaonyesha kilomita za gari zilizorekodiwa kule. Kama unayo karatasi ya mnada, isome kabla ya kuitoa. Daraja la R au RA humaanisha gari lilishawahi kupata ajali na kutengenezwa kabla halijauzwa, na hilo hushusha thamani. Usifiche unapoulizwa. Uongo katika madai unaweza kufuta haki yako yote, hata ile sehemu ambayo ni ya kweli.

Ili uijenge hoja yako mwenyewe, tafuta magari matano au sita yanayofanana na lako: mwaka ule ule au unaokaribiana, toleo lile lile, kilomita zinazolingana, usajili wa kipindi hicho hicho. Chukua matangazo ya yadi na ya mtandaoni, uyachapishe yakiwa na tarehe. Kumbuka kwamba bei ya tangazo ni ya kuanzia mazungumzo. Mkadiria ataipunguza kidogo, na ni haki yake. Bora zaidi ni barua kutoka yadi mbili zinazotaja bei ambayo zingeuzia gari kama lako.

Ipo njia nyingine ya kupima kama kiasi ulichopewa kinaingia akilini: ingekugharimu kiasi gani kuagiza jingine kama hilo? Mamlaka ya Mapato Tanzania ina mfumo wa mtandaoni wa kukadiria thamani na kodi za magari yaliyotumika. Ukiingiza aina na mwaka, unaona thamani ya forodha na jumla ya kodi, pamoja na ushuru wa uchakavu unaotozwa magari yenye umri mkubwa. Jumla hiyo haiwi bei ya gari lililokwisha kutembea nchini kwa miaka mitano. Lakini kama gari lako liliingia mwaka jana tu, na kiasi ulichopewa hakifikii hata nusu ya gharama ya kuagiza jingine, una swali halali la kuuliza.

Vifaa ulivyoongeza mwenyewe, kama redio ya kisasa, rimu za spoti au ngao ya mbele, havihesabiwi vyenyewe mpaka viwe vimetajwa kwenye hati. Na gari lililoingia kwa msamaha wa kodi lina hesabu yake: uliza kabla ya kukata bima kama thamani iliyoandikwa ni pamoja na kodi au bila kodi, maana ukitaka kununua jingine huenda msamaha huo usiupate tena.

Namba ya pili: gharama ya kutengeneza

Gereji hutoa makadirio, na mkadiria huyapitia mstari kwa mstari: kazi ya kunyoosha bodi, rangi, spea, ufundi wa umeme, na VAT. Uharibifu unaoonekana, kama bampa, boneti, madigadi, taa na rejeta, ni rahisi kuhesabu. Kinachobadilisha hatima ya gari ni kile kilichojificha: chesesi iliyopinda, nguzo za mlango zilizosogea, mfumo wa stelingi, nyaya, kompyuta ya gari, na eabegi. Eabegi zikishafyatuka, kurudisha mfumo mzima kwa usahihi ni ghali, na katika magari ya bei ya chini gharama hiyo peke yake inaweza kuligeuza gari kuwa hasara kamili.

Kwa hiyo omba gari lifunguliwe vya kutosha kabla hesabu haijafungwa. Makadirio yaliyofanywa gari likiwa halijafunguliwa huja kuongezeka, na mwenye gari hukaa gereji miezi akisubiri kibali cha nyongeza. Uliza pia spea zinazokadiriwa ni mpya za asili, mpya za kuiga, au za mtumba. Hati nyingi huruhusu kampuni kutumia spea zilizotumika kwa gari la umri mkubwa. Kwa mlango au boneti hilo halina ubaya. Kwa breki, stelingi, mikanda na eabegi usikubali kitu ambacho hakina uhakika wa usalama. Hapo hoja yako ni uhai wa watakaopanda gari hilo, na inastahili kusimamiwa bila aibu.

Utakutana pia na makato ya uboreshaji. Tairi lililochakaa kwa nusu likibadilishwa kwa jipya, umepata zaidi ya ulichokuwa nacho, kwa hiyo kampuni inaweza kukutaka uchangie tofauti. Hutumika hasa kwa matairi, betri, egzosi na shokapu. Hayana maana kutumika kwa kioo cha mbele au paneli za bodi, ambazo hazichakai kwa namna hiyo. Ukiyaona kwenye mstari usiohusika, yaulizie.

Namba ya tatu: mabaki

Gari lililopondeka mbele bado lina gia boksi, milango, viti, taa za nyuma, na pengine injini nzima. Wafanyabiashara wa spea wa Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, au wa Grogan na Kirinyaga Road jijini Nairobi, wanazijua thamani hizo vizuri. Kampuni hukusanya ofa kutoka kwa wanunuzi wa mabaki, au hutangaza zabuni, na ofa ya juu ndiyo inayokuwa thamani ya mabaki.

Namba hii huwa haiulizwi na wengi, na ni kosa. Ikipandishwa kupita kiasi, inaweza kulisukuma gari lako kwenye hasara kamili wakati lingeweza kutengenezwa. Na kama unataka kubaki na gari lako, itakatwa yote kwenye malipo yako. Omba kuonyeshwa ofa zilizopokelewa, ziwe zaidi ya moja, zikiwa na tarehe.

Linatengenezwa au limekwisha?

Hasara kamili haimaanishi kwamba gari haliwezi kutengenezeka. Inamaanisha kwamba kulitengeneza hakuna faida. Hati nyingi huweka kiwango: gharama ya matengenezo ikifika asilimia fulani ya thamani, gari huhesabiwa limekwisha. Asilimia hiyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo itafute kwenye hati yako kabla ya mazungumzo.

Nyuma ya kiwango hicho kuna hesabu nyepesi. Turudi kwa gari letu la 14,000,000, safari hii likiwa limekatiwa bima kwa thamani hiyo hiyo. Matengenezo ni 9,800,000, na ofa ya juu ya mabaki ni 4,500,000. Kampuni ikitengeneza, inatumia 9,800,000. Ikikulipa 14,000,000 na kuuza mabaki, hasara yake ni 9,500,000. Kulimaliza kuna nafuu ya 300,000, na kampuni inaepuka gharama zilizojificha zinazoweza kuibuka gereji. Itachagua hasara kamili, ingawa matengenezo ni asilimia 70 tu ya thamani.

Sasa angalia jinsi namba moja inavyogeuza uamuzi. Kama thamani ya kweli ya gari ni 16,000,000 na bima inafika huko, kulilipa lote na kuuza mabaki kunaigharimu kampuni 11,500,000, wakati matengenezo yamebaki 9,800,000. Hapo kulitengeneza ndiko nafuu. Ndiyo maana kutetea thamani ya kabla ya ajali ni kazi ya kwanza, uwe unataka kulipwa au kurudishiwa gari lako likiwa zima.

Makato kabla hujashika hundi

Thamani ikishakubaliwa, makato hufuata. Kubwa ni eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Mara nyingi ni asilimia ya madai, ikiwa na kiwango cha chini. Kama ni asilimia 10, gari letu la 14,000,000 litatoa 1,400,000, ubaki na 12,600,000. Dereva kijana au mwenye leseni changa anaweza kuongezewa eksesi nyingine, kwa hiyo angalia kifungu hicho kama hukuwa wewe uliyekuwa ukiendesha.

Ada ambayo haijamalizika kulipwa itakatwa. Hati yako hufikia mwisho kwa malipo ya hasara kamili, na ada ya miezi iliyobaki kwa kawaida hairudishwi. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo na benki imetajwa kwenye hati, benki hulipwa kwanza deni lake, wewe unapata kinachobaki. Deni likiwa kubwa kuliko fidia, utaendelea kulipa gari ambalo halipo. Mwenye mkopo na awe mwangalifu mara mbili katika kutetea thamani.

Gharama za kukodi gari jingine, nauli, au biashara uliyoikosa hazimo katika fidia ya kawaida, isipokuwa uliongeza kinga hiyo na kuilipia.

Kuchukua fedha zote au kubaki na mabaki

Katika mfano wetu, ukiliacha gari unapata 12,600,000. Ukibaki nalo, kampuni inakata 4,500,000 za mabaki, unapata 8,100,000 pamoja na gari lililopondeka. Usivutwe na mapenzi ya gari. Jiulize kama unaweza kulirudisha barabarani kwa usalama kwa fedha hizo, ukijua kwamba gereji ya kampuni ilitaja 9,800,000. Fundi anayekuahidi kazi hiyo kwa nusu ya bei atakuwa ameacha kitu, na mara nyingi anachoacha ni kile kisichoonekana: chesesi haikunyooshwa kwa vipimo, au kava la eabegi limerudishwa likiwa tupu ndani. Kubaki na mabaki kuna faida kwa mwenye biashara ya spea, au kwa gari lililoumia bodi tu. Ukilirudisha barabarani, peleka likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, na umwambie ukweli mtu yeyote atakayelinunua.

Ukiliacha, toa vitu vyako vyote, kabidhi funguo na kadi kwa maandishi, na ufuatilie mpaka jina lako liondoke kwenye usajili. Faini za barabarani zinafuata namba ya gari. Mabaki yaliyofufuliwa na mtu mwingine yasije yakakuletea madeni.

Kama kosa ni la aliyekugonga

Unaweza kudai kwa bima ya aliyekugonga. Thamani hupimwa kwa namna hiyo hiyo, ila eksesi yako na kikomo cha hati yako havihusiki. Kinachohusika ni kikomo cha hati yake kwa uharibifu wa mali ya mtu mwingine, na kama hasara imezidi kikomo hicho, kiasi kilichozidi kinamhusu yeye mwenyewe. Njia hii huchukua muda, kwa sababu kosa lazima lithibitishwe kwanza. Mwenye bima kubwa mara nyingi hupata nafuu kudai kwa kampuni yake, kisha kampuni ichukue nafasi yake kumdai mkosaji. Kwa sababu hiyo usimalizane na mkosaji kando ya barabara wala kuandika kwamba humdai kitu. Karatasi hiyo moja inaweza kuinyima kampuni yako haki ya kumdai, nayo ikakunyima wewe fidia.

Usipokubaliana na kiasi

Omba nakala ya ripoti ya mkadiria kwa barua. Ipitie ukitafuta mambo ya kuthibitika: mwaka, toleo, kilomita, hali, magari yaliyolinganishwa, ofa za mabaki. Jibu kwa barua fupi inayotaja kosa moja moja na ushahidi wake. Kulalamika kwamba kiasi ni kidogo hakujibiki. Kuonyesha kwamba wamelinganisha na gari la miaka mitatu nyuma kunajibika. Ukiweza, lipia mkadiria wako aliyesajiliwa atoe ripoti ya pili, hasa kama tofauti ni kubwa kuliko ujira wake.

Kampuni ikishikilia msimamo, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya migogoro ya wateja na kampuni. Kenya na Uganda nazo zina mamlaka zao za bima zinazopokea malalamiko. Hati nyingi pia zina kifungu cha usuluhishi pale pande zinapokubali kwamba fidia inastahili ila zinabishana juu ya kiasi. Mahakama ipo, na iwe hatua ya mwisho.

Kuwa mwangalifu na hati ya kukiri malipo, ile unayosaini kabla ya kupewa hundi. Kwa kawaida husema umelipwa kikamilifu na huna dai jingine. Ukishaisaini, mlango umefungwa. Kama unahitaji fedha huku ukipinga sehemu ya hesabu, omba kwa maandishi ulipwe kiasi kisichobishaniwa kama malipo ya awali, na hati iseme hivyo.

Kabla ya kukata bima tena

Kila mwaka unapohuisha bima, pima upya thamani ya gari. Lililokuwa na thamani ya 20,000,000 miaka mitatu iliyopita halina thamani hiyo leo, na hati inayonakiliwa tu na wakala hukulipisha ada ya gari ambalo halipo tena. Piga picha zenye tarehe, andika kilomita, taja vifaa vya ziada, na usome mambo manne kwenye hati: eksesi, kiwango cha hasara kamili, kifungu cha uwiano, na masharti kuhusu spea. Weka faili moja ya gari nyumbani, na nakala kwenye simu, siyo ndani ya gari lenyewe.

Na siku ukiwekewa hati ya malipo mezani, iombe uende nayo nyumbani. Kaa na mtu anayejua hesabu, piteni namba tatu na makato moja baada ya jingine, kisha usaini hesabu ikishakaa sawa. Ada umeilipa kwa jasho lako. Dai fidia yako yote, kwa ukweli na kwa ushahidi.